Mtaka Cha Uvunguni

Macho yangu ni mekundu kwa kukosa usingizi. Mwezi huu nilipanga tuzungumzie bajeti ya wanandoa, lakini hiyo itasubiri. Nataka nikusimulie yaliyonikuta nyumbani: paka wetu alipotea.

Najua wapo watakaocheka. Yaani mtu mzima na digrii yake analilia paka? Ndiyo, nimelia. Chausiku niliachiwa na marehemu mama. Siku zake za mwisho, badala ya kuniusia habari za shamba, aliniambia, “Mwanangu, paka wangu asilale njaa.” Miaka mitatu nimeutunza wosia huo. Wiki mbili baada ya kuhamia nyumba yetu mpya Tabata, asubuhi moja naita, kimya!

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilitafuta wa kumlaumu kabla ya kumtafuta paka. Nikamgeukia dada wa kazi. “Wewe ndiye uliyeacha geti wazi!” Binti wa watu akaapa, machozi yakamtoka, wala sikumsikia. Siku mbili nikazunguka barabarani mbele ya geti, naita kwa sauti ya juu hadi vijana wa bodaboda wakanionea huruma. Usiku wa pili namkuta dada anakunja nguo zake arudi kwao.

Hapo ndipo shemeji yenu alipofungua kinywa. Kumbe usiku ule alitoka kwa mlango wa jikoni kuwasha pampu ya maji, akausahau wazi.

“Sasa siku mbili zote ulikuwa unaniangalia tu?”

“Mke wangu, ningeanzia wapi? Hasira zako nazijua.”

Jibu lile liliniuma, maana lilikuwa la kweli. Lakini pia lilibadilisha kila kitu. Chausiku hakupitia getini, alitokea uani. Siku mbili nilikuwa natafuta upande ambao hakwenda!

Usidhani hilo ni jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Animals, uliohusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea, ulionyesha kuwa robo tatu ya waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotorokea. Takribani theluthi moja ya paka wote walirudi kwa wenyewe wakiwa hai ndani ya siku 7. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: alitokea wapi? Anzia hapo, tena mapema.

Pili, inama. Paka aliyezoea kukaa ndani, akijikuta nje hujibanza karibu. Chungulia uvunguni mwa magari, ndani ya boneti, nyuma ya matangi ya maji, kwenye mabati na mbao. Kisha inua macho uangalie darini na juu ya miti.

Tatu, toka usiku, kelele za mtaa zikishatulia. Shika tochi usawa wa macho yako na umulike polepole. Nyuma ya macho ya paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana yanang'aa gizani. Na usipige kelele kama nilivyofanya mimi. Paka mwenye hofu anaweza kukusikia vizuri tu na asijibu. Ita kwa upole, chutama, nyamaza, sikiliza.

Nne, usiishie kuwauliza majirani kama wamemwona. Waombe kwa heshima mfungue pamoja stoo na mabanda yao, maana paka huingia mlango ukiwa wazi akafungiwa humo. Bandika picha yake dukani kwa Mangi na uitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ila alama moja ya mwili wake ifiche. Atakayekupigia akitaka pesa, muulize hiyo kwanza.

Tano, ukimwona usimrukie. Weka dagaa, subiri, kisha mfunike kwa taulo. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu wahi hospitali. Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa, hata paka anacho, na ndiyo maana naye anastahili chanjo.

Turudi kwa Chausiku. Usiku ule ule nilimwomba radhi dada mbele ya shemeji yenu, bila “lakini” yoyote. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Nitabaki mpaka apatikane, dada.” Kuanzia hapo tukawa tunatoka watatu. Usiku wa tano, nyuma ya nyumba yetu kwenye pagale la jirani, dada akatushika mikono. “Sikilizeni.” Sauti nyembamba, kama ya mtoto. Tochi ikapita chini ya rundo la mbao, macho mawili yakawaka. Shemeji yenu, na shati lake la ofisini, akalala kifudifudi kwenye vumbi akinyoosha mkono wenye dagaa. Dakika arobaini! Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wahenga hawakukosea.

Chausiku alikuwa amekonda, lakini mzima. Dada naye bado yupo, ingawa sijidanganyi kwamba amesahau. Mimi najifunza kusikiliza kwanza, maana kama mume wangu asingeniogopa, usiku wa kwanza tu tungelitafuta pagale lile.

Leo ukirudi nyumbani, hebu jiulize: kuna mtu hapo anayekuficha ukweli kwa kuogopa mdomo wako? Mtafute huyo kwanza.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.