Usilaumu Linux, Kagua Flashi Yako
Jamani, nimechoka na mafundi wanaosema "laptopu hii haikubali Linux". Uongo mtupu! Nyingi ninazoletewa, mtu amenakili faili ya ISO kwenye flashi kama wimbo, basi mashine haioni pa kuanzia. ISO huandikwa kwa Rufus au amri ya dd. Linganisha sha256sum kwanza, kisha washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi. Nawe unayekimbilia kuzima Secure Boot, Ubuntu inaikubali tangu toleo la 12.10, mwaka wa 2012! Mwanafunzi akiambiwa laptopu yake ya mtumba haifai, atatoa wapi pesa za nyingine? Fundi, pima kabla ya kuhukumu.