Vumbi la Bara, Tope la Malindi



Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha baada ya darsa akaniuliza: “Sheikh, haya maji mekundu yatakwisha lini? Changu hawaonekani, na mume wangu hurudi na mshipi mtupu.” Nilimjibu kwamba ni maji ya Sabaki, msimu wa mvua. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Sabaki tunayoivuka tukienda Mambrui ndiyo Galana, na huko juu zaidi ndiyo Athi, ianziayo upande wa Nairobi na kupita Ukambani. Mvua ikipiga ardhi iliyokwisha majani, udongo hushuka hadi kwetu, ukatanda juu ya matumbawe na kuyazibia jua. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hutunza alama ya tope la wakati wake. Hadi mwanzo wa karne ya 20 alama hiyo ilikuwa ndogo. Tangu miaka ya 1910 na 1920 imepanda. Ndio wakati ule walowezi walipotwaa ardhi, na wenyeji wakabanwa na mifugo yao katika maeneo finyu.

Basi tusiharakishe kumlaumu mfugaji. Wakoloni walimlaumu: mwaka 1938 waliwanyang’anya Wakamba ng’ombe kwa hoja hiyo hiyo ya mmomonyoko. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu, pwani yetu hii hii.

Kinachofaa ni kingine. Huko Kajiado Wamaasai huchimba vishimo vya nusu mwezi, hilali kabisa, maji yasikimbie na majani yaote tena. Vikundi vya akina mama huzungushia uzio kipande cha ardhi, wakaotesha nyasi, wakauza mbegu na majani makavu. Ardhi hupumzika, na mama hupata fedha yake.

Mbuzi wengi tuwachinjao Idi hutoka kwa wafugaji wa bara. Nimependekeza msikitini kwetu kwamba sehemu ya sadaka (si zaka, hiyo ina wenyewe) iwanunulie mbegu za nyasi akina mama wafugaji wa huko juu ya mto. Wazee wawili wamekataa, wakisema maskini wa Malindi wapo. Ni kweli wapo, na yule mama aliyenisimamisha ni mmoja wao. Tutalizungumza tena Ijumaa baada ya Alasiri. Akina mama nanyi mje, kikao ni cha wote.