Habari za Shule: Mizani ya Darasa la Nne, Kinole



Mwezi uliopita watoto wa Darasa la Nne walijifunza vipimo. Hatukutaka hesabu zibaki ubaoni tu. Tukawaagiza walete pilipili manga, zao la milima yetu hii ya Uluguru. Wakapima kilo 3 mbichi, wakazianika juani juma zima, wakizianua kila wingu la mvua lilipotanda. Zilipokauka wakapima tena: ikabaki kama kilo 1 tu.

Mtoto mmoja akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, nyumbani twauza mbichi, tena kwa kopo.” Maneno hayo yakatuchoma. Maana kopo halina gramu, na asiyejua uzito wa mali yake hupunjwa mchana kweupe.

Nanyi wazazi, wakati wa mavuno wengine wenu huwaita watoto shambani, madawati yakabaki matupu. Twajua kazi ni nyingi. Lakini mtoto mmoja ajuaye kusoma mizani huokoa jasho la nyumba nzima. Mleteni asubuhi, jioni atachuma pamoja nanyi. Nanyi mnunuao, kumbukeni: mizani ya hila Mungu haipendi.