Ushindani wa Simu Umefika Ushirombo; Intaneti ya Nyumbani Inahitaji Njia ya Pamoja

Na Mwandishi Wetu, Ushirombo

Mkazi wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, anaweza kuwa na laini mbili au tatu za kampuni tofauti na kununua kifurushi pale anapoona unafuu. Uhuru huo umeletwa na ushindani. Hata hivyo, intaneti yenye kasi nyumbani, inayotumiwa na familia nzima kwa malipo ya mwezi, haisambai kwa urahisi huo, na wananchi wanastahili kuelewa sababu.

Ushindani wa simu za mkononi haukujileta wenyewe. Umesimamiwa kwa kanuni. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Aidha, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeshusha gharama za maingiliano, yaani malipo ambayo kampuni hulipana mteja wa mtandao mmoja anapompigia wa mtandao mwingine, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Hatua hiyo ilipunguza nguvu ya kampuni kubwa kuwafungia wateja ndani ya mtandao wao.

Intaneti ya nyumbani ina hesabu nyingine. Mnara mmoja huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, nao hugawana kasi iliyopo; ndiyo maana huduma huweza kuzorota jioni, wengi wanapokuwa mtandaoni. Waya wa faiba hufika hadi mlangoni na kasi yake ni tulivu zaidi, lakini gharama kubwa iko katika kuchimba mitaro na kusambaza nyaya mtaa kwa mtaa. Kampuni mbili zikichimba mitaro miwili katika mtaa wenye wateja wachache, zote mbili zinaweza kupata hasara. Kwa sababu hiyo kampuni hushindania kwanza mitaa ileile ya miji mikubwa, na miji midogo husubiri.

Serikali imejibu changamoto hiyo kwa kujenga miundombinu ya pamoja. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaoendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), huuza uwezo wake kwa jumla kwa kampuni mbalimbali, ambazo hushindana katika huduma na bei. Kwa maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 2023 Mfuko huo ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Minara hiyo ni hatua kubwa, lakini haiondoi haja ya waya wa nyumbani. TTCL inatoa huduma ya Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni binafsi nazo zina huduma zao; kipande kigumu ni kile cha mwisho, kutoka njia kuu hadi nyumba ya mteja. Halmashauri zinaweza kukipunguzia gharama kwa kuacha mabomba ya kupitishia nyaya kila barabara ya mtaa inapojengwa, ili kampuni zote ziyatumie.

Kwa Ushirombo jambo hili si anasa. Kikundi cha vijana kinachotaka zabuni ya Serikali huomba kupitia mfumo wa NeST, na mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni. Mji uko katika ukanda wa dhahabu, kwenye barabara kuu ya Isaka hadi Lusahunga, na wafanyabiashara wake wanahitaji taarifa za bei kila siku. Anayetegemea kifurushi cha siku huweza kukatikiwa katikati ya maombi.

Wananchi nao wana nafasi yao. Majirani wakipeleka maombi ya pamoja, kampuni huona soko lilipo. Kabla ya kulipia, mteja aulize kasi halisi, kinachotokea kiwango cha matumizi kinapokwisha, na muda wa kurekebisha hitilafu. Asiporidhika, aanze kulalamika kwa kampuni yake, na lisipotatuliwa alifikishe TCRA.