Boxing Day ukweni: ratiba iko hivi

Krismasi yenyewe haina tatizo. Tarehe 25 watu wanakwenda kanisani, mbuzi anachinjwa, watoto wanapigwa picha na nguo mpya, na kila mwanaume wa ukoo yuko nyumbani akisubiri supu. Kimbembe ni kesho yake.

Kwa wale mnaokwenda likizo kwa wakwe kama mimi, Boxing Day ndiyo siku pekee iliyo tupu. Sisi tunapanda Nambis, Mbulu, kwao mwenzangu. Safari ni Babati, Dareda, halafu ule mlima, na ukifika juu unatafuta sweta ulilolidharau ukiwa Dar. Tarehe 24 tunafika tumechoka, 25 ni ya wageni, 27 tunafungasha. Inabaki 26 ya kukaa na wazee, na hiyo ndiyo siku ambayo Waingereza wameamua kucheza mpira kutwa nzima.

Na wana historia nayo, usidhani ni mambo ya televisheni. Sheffield na Hallam walikutana tarehe 26 Desemba 1860. Wamarekani nao wana lao: ule mpira wao wa kubeba mikononi, wa vyuo vikuu, unajaza wiki za Krismasi hadi mwaka mpya. Mechi yao ya kwanza pale Pasadena, hiyo wanayoiita Rose Bowl, ilikuwa Januari mosi 1902, Michigan wakawafunga Stanford 49 kwa bila. Kwa hiyo shosti, mume anayepotea sikukuu kwa ajili ya mpira hukuanza kumpata wewe.

Sasa nikupe ratiba, maana ugomvi mwingi unatokea kwa sababu mmoja anaijua na mwenzake haijui. Boxing Day ya 2026 ni Jumamosi. Mwaka 2025 tulipumzishwa, Ligi Kuu ya England ilikuwa na mechi moja tu siku hiyo, Manchester United na Newcastle, saa tano usiku kwa saa zetu, United wakashinda 1-0. Wenye ligi walieleza wakati ule kwamba 2026 mechi zitakuwa nyingi zaidi kwa kuwa tarehe inaangukia Jumamosi. Jumamosi ya kawaida ya Kiingereza, kwa majira ya baridi, huku kwetu inasomeka hivi: saa tisa na nusu alasiri mechi moja, saa kumi na mbili jioni mechi kibao kwa pamoja, saa mbili na nusu usiku moja tena. Wakiongeza ya saa tano usiku, mwenzio anarudi saa saba na ushee akiwa na matope hadi magotini.

Ya saa tisa na nusu, kwa maoni yangu, ni ya kuachwa. Ndiyo muda wa chakula kuiva na wazee kuanza kuzungumza. Ya saa kumi na mbili ndiyo tamu, na kuna jambo wengi hatulijui: Jumamosi mechi hizo za saa tisa za kwao hazionyeshwi moja kwa moja ndani ya Uingereza. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960, kulinda mahudhurio viwanjani. Yaani kijana wa Nambis aliyelipa buku bandani anaona mechi ambayo mtu wa Manchester asiye na tiketi anaisikiliza redioni. Hapo hata mimi siwezi kumlaumu.

Halafu kuna mkeka. Hapa naomba tuongee kama watu wazima, maana hela ya Desemba ndiyo ada ya Januari. Ukitaka kujua kwa nini siku hii si ya kubeti, tazama Boxing Day ya 1963. Mechi kumi za ligi ya juu, mabao 66. Fulham waliipiga Ipswich 10-1. Blackburn walikwenda kwa West Ham wakashinda 8-2. Burnley wakaifunga Manchester United 6-1. Siku mbili baadaye timu zilezile zikarudiana: Ipswich wakaifunga Fulham 4-2, West Ham wakashinda 3-1 kwa Blackburn, United wakailipa Burnley tano kwa moja. Viwanja vina tope, miguu imechoka, wengine tumboni bado kuna pilau ya Krismasi ya Kizungu. Hata miaka ya karibuni ni vilevile: Chelsea na Aston Villa 4-4 mwaka 2007, na mwaka 2023 Villa hao hao wakaongoza 2-0 Old Trafford wakafa 3-2. Nani aliziweka hizo kwenye mkeka wake? Mkubaliane kiasi kabla ya kupanda basi, na simu yenye hela ya ada ibaki kwa yule asiyejua kubeti.

Lakini si hela wala matope vinavyonifanya niandike mwezi huu. Ni ile Boxing Day ya 2025. Kwa kuwa mpira ulikuwa mmoja tu tena wa usiku, mume wangu na kaka zake walikaa nyumbani mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe. Wakala, wakakosa la kufanya, wakaanza kuongea. Kufika jioni walikuwa wamemaliza suala la nani anampeleka baba kliniki na nani analipa, suala lililokuwa linazunguka kwenye simu kwa miaka miwili huku kila mmoja akimbip mwenzake. Mama mkwe hakusema kitu. Akaongeza kuni tu, akaleta chai mara ya tatu.

Mwaka huu amepiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. "Mwanangu, mwaka jana mlikaa. Mwaka huu mtakaa?" Kuna habari ya shamba la juu, baba anataka ligawanywe akiwa bado anaona, na anataka wanawe wote wawepo. Mechi zinarudi mwaka huohuo.

Kumwambia mwanaume asiende bandani kabisa ni kujitafutia balaa, na mimi simshauri mtu. Nambis ni nchi ya wanariadha, Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Ila siku hizi vijana ni Arsenal, Liverpool na Chelsea, na banda ndipo mume wako anapokutana na waliosoma naye darasa la pili. Huo nao ni udugu.

Isitoshe mimi mwenyewe naupenda mpira. Kero yangu ni kwamba mke wa ukoo akionekana kwenye banda umiza kijijini, habari inamfikia mama mkwe kabla hajatoka. Nikamuuliza mama kwenye simu ileile, nikijua nimechokoza. Akanyamaza kidogo, akauliza kama mle ndani kuna viti. Nikamwambia ni mabenchi. Akasema basi nisiende peke yangu, niende na wifi, na tukirudi nimwambie nani kashinda.

Kwa hiyo makubaliano yetu, yaliyofanyika mezani Dar na si kwa kununiana ukweni, ni haya. Mchana hadi saa kumi na moja na nusu ni wa baba na shamba, simu zote kwenye kikapu. Saa kumi na mbili ni ya wanaume. Saa mbili na nusu ni yetu mimi na wifi, naye atabaki na watoto. Ya saa tano, kama ipo, haina mtu. Amelalamika hiyo ndiyo inaweza kuwa ya Arsenal. Nimemwambia atasoma matokeo asubuhi kwenye basi.

Wifi ameshanitumia meseji, nije na tochi.