Maoni: Jina la Théophile lina thamani kuliko kilobaiti chache

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Juma lililopita nilipitisha mchana mzima katika atelie moja ya vijana wanaotengeneza simu na ruta. Mezani kulikuwa ruta ndogo yenye tundu la USB, flashi ya megabaiti 4 na memwari ya megabaiti 32. Shule moja ya mtaa ndiyo iliileta. Mwalimu anataka kuweka humo masomo, mwanafunzi ayasome kwa simu bila kununua mega.

Wazo ni zuri, lakini mradi wa OpenWrt umekwisha kuacha vifaa vya kipimo hicho: toleo la 19.07 ndilo la mwisho walilotayarishia. Wengi wetu hapo tungetupa ruta. Vijana hawa walichukua Buildroot na kuijengea mfumo wao wenyewe, na hapo ndipo walipokutana na maktaba ya C.

Kwa msomaji asiye fundi: programu ikitaka kufungua faili, kuomba memwari au kuandika neno, karibu kila mara inapitia maktaba hiyo kabla ya kufika kwenye kerneli. Kompyuta nyingi za Linux zinatumia glibc, ambayo ni nzito. Kwa vifaa vidogo kuna musl ya Rich Felker, na kuna uClibc aliyoianzisha Erik Andersen, ambayo leo inaendelea kwa jina la uClibc-ng. Hii ya mwisho inakufungulia menyu ndefu, unachagua nini kiingie na nini kibaki nje.

Maswali mengine ya menyu hayana mjadala, chipu yenyewe ndiyo inajibu. Ni MIPS au ARM? Baiti kubwa inatangulia au ndogo? Ukikosea hapo, hakuna programu itakayoanza. Je, chipu ina kitengo cha hesabu za desimali? Ruta nyingi za MIPS hazina. Ukidanganya kwamba kipo, programu inakufa ikigusa hesabu ya kwanza, isipokuwa kerneli iwe na mwigo wake. Je, ina kisimamizi cha memwari? Kisipokuwepo, hata fork haipo, unabaki na vfork. Mambo haya vijana waliyapata vizuri, na ninawapa heko.

Ugomvi wangu nao ni juu ya maswali ambayo chipu haiwezi kujibu.

Ili kuokoa nafasi, walizima herufi pana katika maktaba, na Unicode katika BusyBox. Ruta ikawaka. Mwalimu akaja na USB yake yenye faili moja kwa kila mwanafunzi. Wakaomba orodha: badala ya Théophile wakaona Th??ophile, alama mbili za kuuliza kwa sababu é ni baiti mbili. Noëlla naye hivyo hivyo. Faili zilikuwa nzima, lakini mwalimu alidhani USB yake imeharibika, akataka kurudi nayo nyumbani.

Mtu atasema Kiswahili hakina herufi za namna hiyo. Kweli. Lakini majina yetu ya ubatizo yanatoka katika Kifaransa, na Lingala ikiandikwa kwa kanuni zake ina ɛ na ɔ. Fundi wa Ulaya aliyeandika mfano wa usanidi kwenye intaneti hakuwaza darasa la Butembo. Wewe uliyeunakili ndiwe uliyepaswa kuwaza.

Na kosa hilo halirekebishwi kwa kuweka alama moja tena kwenye menyu. Ukibadilisha usanidi wa uClibc-ng, programu zilizojengwa kwa maktaba ya zamani huenda zisipatane na mpya. Walifuta yote wakajenga upya tangu mwanzo. Kuran ilikatika mara mbili, na petroli ya jenereta ililipwa kutoka mfuko wao.

Nafasi waliyoitafuta ilikuwa kwingine: BusyBox yao ilibeba amri nyingi ambazo shule haitazitumia kamwe. Walipozitoa, herufi pana zikaingia bila shida. Mimi ningewashauri pia wajaribu musl, maana yenyewe haiulizi kama unataka UTF-8, inakupa tu. Wao wanapendelea menyu yao, na sitagombana nao kwa hilo.

Walimu wa informatike katika vyuo vyetu, mnafundisha Word na Excel miaka mitatu. Tafadhali, mpeni kila mwanafunzi ruta moja iliyotupwa, na kabla hajafungua menyu aandike kwenye karatasi ni nani ataitumia na anaandika lugha gani. Ruta za kutupwa hazikosekani. Kwenye atelie ile nilihesabu kumi na moja chini ya meza.