ZIWA NI LETU, TUSINGOJE WENGINE



Wapo watu wa kando ya Ziwa Victoria ambao wakiona maji yamegeuka kijani huusukuma ukijani kando kwa ndoo, wakateka. Jambo hili si dogo. Ukijani ule ni mwani, na aina zake nyingine hutoa sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Mwani unatoka wapi? Chakula chake ni mbolea na udongo wa mashamba, kinyesi cha mifugo na maji machafu ya miji yetu. Joto la dunia linapozidi, mwani husitawi zaidi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Huko chini hewa ya oksijeni hupungua, na samaki hukosa pumzi. Mvua kubwa nazo hukokota udongo wa vilima vilivyo uchi mpaka ziwani. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilipanda hata kukipita kipimo cha mwaka 1964. Vyoo vya ukingoni vilizama, na uchafu wake ukaingia katika maji ya kunywa.

Wako wasemao: "Joto hili limeletwa na mataifa makubwa yenye viwanda, basi waje walisafishe ziwa." Kwamba wao ndio walioleta sehemu kubwa ya joto hili ni kweli, na deni hilo lazima tuwadai. Lakini mdai hakai na njaa akingoja kulipwa. Moshi ni wao. Udongo na kinyesi ni vyetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaoitii? Mwenye bustani ukingoni ni ndugu yetu, na mtoto anayekunywa maji yale ni ndugu yetu pia.

Basi kila tawi lililo kando ya ziwa na lianze sasa: lipime meta hizo, lipande miti na majani ukingoni, lisaidie kuchimba vyoo mbali na maji, na liwaulize madiwani mbele ya watu maji machafu ya mji yanamwagwa wapi. Tukifanya hayo, siku tutakapokwenda kudai deni letu, hakuna atakayetuonyesha kidole.